Mdai Anapotishia Mahakama

Mwaka jana, kabla ya Kwaresima, mama mmoja muuza samaki katika parokia ninayoihudumia aliacha kuja kwenye jumuiya. Majirani walidhani anaumwa. Nilipomtembelea alinionyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni kwake usiku. Juu iliandikwa kwa wino mwekundu "Wito wa Mwisho", pembeni pamechorwa mizani, chini kuna mhuri wa duara. Ilimtaka alipe ndani ya saa 48, la sivyo angefikishwa mahakamani na polisi wangekuja kumchukua. Ujumbe wa namna hiyohiyo ulikuwa umetumwa kwa watu waliomo katika simu yake, akiwamo katekista wetu. "Padre," aliniambia, "sikatai kulipa. Naogopa kufungwa."

Niliisoma karatasi ile mara mbili. Haikuwa na jina la mahakama, wala namba ya shauri, wala sahihi ya hakimu. Ilikuwa barua ya mdai aliyejivika joho lisilo lake.

Ndugu wapendwa, nimekutana na karatasi za namna hii mara nyingi tangu mikopo inayoitwa "kausha damu" ilipoenea mitaani na ile ya simu ilipotufuata hadi vitandani. Basi tuelewe jambo lenyewe. Katika sheria za Tanzania, kushindwa kulipa mkopo ni shauri la madai, si jinai. Kukusanya madeni ya watu si kazi ya polisi. Ni tofauti kama mtu alikopa kwa ulaghai, kwa mfano kwa kutoa nyaraka za kughushi. Hapo amejiingiza katika jinai mwenyewe. Ni kweli pia kwamba sheria inaruhusu mdaiwa kufungwa kama mfungwa wa madai, lakini hilo huja baada ya shauri kusikilizwa, hukumu kutolewa, na mahakama kumpa mdaiwa nafasi ya kujieleza kwa nini hajalipa. Haliji kwa ujumbe wa simu wa saa nne usiku.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mahakama, ambayo mdai anaitaja ili kutisha, mara nyingi ndiyo mahali ambapo mdaiwa angepumua. Huko mdai atatakiwa kuonyesha mkataba na hesabu yake. Huko mdaiwa anaweza kuomba alipe kidogo kidogo. Hata hukumu ikimwelemea, Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kukamata mavazi ya lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na zana za fundi na jembe na mbegu za mkulima. Na anayekamata mali kwa amri hiyo ni dalali wa mahakama mwenye hati mkononi, si vijana wawili wenye pikipiki. (Kitu ulichokiweka rehani kwa mkataba ni habari nyingine, soma kabla ya kutia sahihi.)

Msomaji wa Maandiko hatashangaa. Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Tena inamwamuru mdai asimame nje, asiingie nyumbani kwa mdaiwa kujichukulia rehani. Mlango wa maskini ulikuwa na heshima yake hata alipokuwa na deni.

Lakini sisemi haya ili mtu ajifiche. Wito wa kweli wa mahakama ukija, wenye jina la mahakama, namba ya shauri, majina ya pande zote, tarehe, sahihi na mhuri, nenda. Asiyefika anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, na hapo ndipo karatasi ya vitisho inapogeuka hukumu halisi. Na deni ni deni. Sheria ya ukomo inampa mdai miaka 6 kufungua shauri la mkataba. Baada ya hapo mahakama inaweza kumfungia mlango, ila dhamiri yako haijafungiwa. Ulichopokea ni mali ya mtu. Katika kitubio nimeulizwa kama ni dhambi kutomlipa mkopeshaji asiye na leseni, hasa baada ya Benki Kuu kutangaza Novemba 2024 programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake. Jibu langu ni kwamba fedha uliyoipokea irudishwe. Faini zilizobuniwa njiani ni jambo jingine, nawe una haki ya kuzipinga.

Wakopeshaji nao husali nasi, wengine katika viti vya mbele. Hao nawakumbusha kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaliweka suala la riba ya kinyonyaji chini ya amri ya tano, ile ya kutoua (na. 2269). Kuwatangazia majirani deni la mtu kupitia namba zilizochukuliwa katika simu yake kunagusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume iliyoundwa kwa sheria hiyo hupokea malalamiko.

Yule mama tulimtafutia msaidizi wa kisheria, wakaandika barua moja fupi: anakiri deni, anaomba nakala ya mkataba na mchanganuo wa hesabu, anapendekeza kulipa 15,000 kila wiki. Alikuwa amekopa 300,000 na kurudisha 240,000, huku akidaiwa bado 410,000. Hesabu ilipowekwa mezani, mdai mwenyewe alipunguza hadi 130,000. Shauri halikufunguliwa kamwe. Kila alipolipa alidai risiti, na alipomaliza alikataa kuondoka ofisini hadi alipoandikiwa barua, yenye tarehe na sahihi, kwamba hadaiwi tena. Alirudi jumuiya Jumamosi iliyofuata.