Kemikali za Mimea ya Sebuleni na Jina la "Viondoa Sumu"

Komarock, mashariki mwa Nairobi kandokando ya Barabara ya Kangundo, si mtaa wa bustani kubwa. Nyumba zimekaribiana, na mmea unaopendwa huko huishi katika chungu au kopo kuukuu la rangi: shubiri kwenye dirisha la jikoni, sansevieria yenye majani yaliyosimama kama panga kando ya mlango, difenbakia ya majani mapana yenye madoa meupe pembeni mwa sebule. Mimea hii ni pambo. Hata hivyo, siku hizi mimea mingi husifiwa kwamba ina "viondoa sumu", na kutoka sifa hiyo hadi kikombe cha kunywa ni hatua fupi. Makala haya yanaichunguza sifa hiyo, kwani kasoro yake inaanzia katika neno lenyewe.

Kila seli, iwe ya mtu au ya jani, huzalisha radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake. Radikali hizo hunyakua elektroni za molekuli jirani na kuziharibu. Huko ndiko kuoksidishwa. Jani lililo dirishani hukabiliwa zaidi, kwa kuwa mwanga mkali huziongeza. Basi mmea hujitengenezea kinga yake: flavonoidi, vitamini C, karotini. Kemikali hizi huzipa radikali elektroni, nazo zikatulia. Haziondoi sumu iliyoingia mwilini. Jina "vizuia-oksidishaji" laeleza kazi hiyo barabara, ijapokuwa ni refu na halipendezi masikioni. "Viondoa sumu" ni jina tamu linaloahidi lisilokuwepo.

Uwezo huo hupimwaje? Jani hukaushwa, husagwa na kuloweshwa, mara nyingi katika methanoli, kisha kimiminika chake huchanganywa na DPPH, kemikali ya rangi ya zambarau ambayo Blois aliipendekeza kwa kipimo hiki mwaka 1958. Kadiri zambarau inavyofifia na kuwa njano, ndivyo uwezo unavyohesabiwa kuwa mkubwa. Ni jaribio rahisi, na pengine urahisi huo ndio uliolieneza mno. Lakini linapima yatokeayo katika chupa, wala halisemi ni nini kingine kimo ndani ya jani. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la uwezo wa vyakula kuzuia oksidishaji, ikieleza kwamba takwimu hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa.

Hicho "kingine" ndicho cha kuogopwa. Difenbakia ina fuwele za kalisi oksaleti zenye ncha kama sindano. Mtoto akilitafuna jani lake, kinywa humwasha, ulimi huvimba na kumeza kukawa taabu. Aliyewahi kumenya nduma mbichi ataelewa, maana mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja na fuwele ni zile zile. Nduma huokolewa na moto. Sansevieria nayo ina saponini, kemikali zitoazo povu kama sabuni, ambazo humtapisha mlaji.

Hoja ya kusafisha hewa, inayovutia katika mtaa usio mbali na moshi wa jaa la Dandora, ni dhaifu vilevile. Ilitokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989 katika visanduku vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 Cummings na Waring walikadiria kwamba ingehitajika mimea 10 hadi 1000 kwa kila mita mraba ya sakafu ili kulingana na hewa ipitayo kwa kawaida katika jengo. Wenye nyumba wangelala nje.

Shubiri ina pande mbili. Ute wake mweupe wa ndani hupakwa ngozini, lakini utomvu wa manjano ulio chini ya ganda una aloini, ambayo huharisha vikali. Mwaka 2002 Marekani ilizuia dawa za kuendesha zilizotengenezwa kwa utomvu huo zisiuzwe bila cheti cha daktari. Anayeutaka ute hulisimamisha jani lililokatwa, kidonda chini, hadi manjano yote ichuruzike, ndipo analimenya.