Istilahi za Kuunganisha Kilindaseli na Seli za Lithiamu

Kazi ya istilahi ni kumwezesha mtu kumweleza mwenzake jambo bila ya utata. Pale ambapo neno moja hubeba dhana mbili, na dhana hizo zikawa zinahusu umeme, hasara yake huwa kubwa kuliko kutoelewana kwa maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara hiyo kwa mfano wa betri za lithiamu, kisha kupendekeza istilahi chache na kueleza matumizi yake katika kazi yenyewe.

Mkoa wa Singida ni nyanda kavu zenye jua jingi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ijapokuwa gridi ya taifa imekwisha kufika katika vijiji vingi vya Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni, vitongoji vilivyo mbali na nguzo bado hutegemea umeme wa jua, ambao wananchi huuita "sola". Kwa miaka mingi umeme huo ulihifadhiwa katika betri za risasi na asidi, yaani zile ambazo mafundi huziita "betri ya maji". Siku hizi betri za lithiamu zinaishika nafasi hiyo kidogo kidogo. Betri za namna hiyo zenye kuchajiwa zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Aina ipendwayo katika sola ni ile ya lithiamu, chuma na fosfati, ambayo utafiti wake ulitangazwa mwaka 1997. Mafundi wengine huinunua ikiwa vipande vipande na kuiunganisha wenyewe.

Hapo ndipo utata unapoanza. Jiwe moja la tochi lenye volti 1.5 tunaliita betri. Kasha la gari lenye volti 12 nalo tunaliita betri, ingawa ndani yake mna vyumba sita, na kila kimoja hutoa takriban volti 2. Kwa kuwa vyumba hivyo vimefungwa katika kasha moja, mtumiaji hakuwa na haja ya kukitaja kimoja kimoja, na lugha nayo haikudaiwa jina. Lithiamu imeileta haja hiyo, maana sasa fundi anakishika kila kipande mkononi na kukifungia waya wake.

Tumepata habari ya fundi mmoja wilayani Ikungi aliyekuwa akielekezwa kwa simu na mwenzake aliyeko Dar es Salaam. Aliambiwa: "Waya wa pili ufunge kwenye chanya ya betri ya kwanza." Mbele yake palikuwa na mafungu mawili ya vipande vinne vinne. Kwake yeye "betri ya kwanza" ilikuwa fungu zima la kwanza, naye akaufunga waya kwenye ncha chanya ya fungu hilo. Mahali palipotakiwa volti 3.2 pakawa na volti 12.8, na kifaa cha ulinzi kikaungua mara plagi ilipochomekwa. Mwelekezaji alisema kweli na mwelekezwa alitii. Ila neno walilotumia lilikuwa na maana mbili.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo.

Kwanza, kipande kimoja kiitwe seli, na seli zilizounganishwa ziitwe betri. Tunafahamu kwamba seli ni neno la biolojia, na tena ni neno la mahabusu. Hata hivyo hapana hofu ya kuchanganya, kwani muktadha hutenganisha.

Pili, kifaa kinachopima volti ya kila seli na kukata mkondo wa umeme panapotokea hatari kiitwe kilindaseli. Mafundi hukiita "biemesi" kwa kufuata herufi za Kiingereza, na wengine husema "kontrola". Jina hilo la pili halifai hata kidogo, kwa kuwa limekwisha kupewa kifaa kingine kikaacho kati ya paneli ya sola na betri. Kilindaseli limeundwa kwa njia ile ile iliyotupatia kipimajoto na kinasasauti, na lajieleza lenyewe kwa asikiaye mara ya kwanza.

Tatu, nyaya zitofautishwe. Waya mwembamba upelekao habari ya volti uitwe waya wa upimaji. Waya mnene upitishao mkondo wa matumizi uitwe waya mkuu.

Nne, seli zikifuatana, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, tuseme zimeungwa kwa mfuatano. Na zikiungwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, tuseme zimeungwa sambamba. Kazi ya kilindaseli ya kuzifanya seli zote ziwe na volti sawa iitwe kusawazisha badala ya "kubalansi".

Sasa tuzitumie. Tuchukue betri ya seli nne za volti 3.2 zilizoungwa kwa mfuatano, jumla volti 12.8. Nyaya za upimaji kwa kawaida huwa tano, yaani huzidi idadi ya seli kwa moja. Plagi yake isichomekwe kwanza. Waya mkuu wa kilindaseli wenye alama B- hufungwa kwenye ncha hasi ya seli ya kwanza. Waya wa kwanza wa upimaji nao hufungwa hapo hapo; wa pili kwenye ncha chanya ya seli ya kwanza; wa tatu kwenye ncha chanya ya seli ya pili; na hivyo hivyo mpaka wa tano, ambao huishia kwenye ncha chanya ya seli ya nne.

Kisha fundi apime kwa mita kati ya kila nyaya mbili zinazofuatana. Kila mara aone takriban volti 3.2. Akiona 6.4, au alama ya kutoa mbele ya tarakimu, ajue kuwa nyaya zimepishana, na asichomeke plagi mpaka azipange upya. Kila kitu kikiwa sawa, plagi huchomekwa, na waya mkuu wenye alama P- hupelekwa kwenye hasi ya matumizi na ya chaji. Upande wa chanya hutoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi. Yafaa ikumbukwe kuwa vilindaseli havifanani vyote, hivyo maelezo ya mtengenezaji yatangulie.

Msomaji ataona kwamba aya mbili hizo zinaweza kusomwa kwa simu kutoka Dar es Salaam hadi Itigi bila ya shaka juu ya ncha inayotajwa. Hicho ndicho kipimo cha istilahi yoyote ya ufundi. Tunawaomba mafundi, walimu wa vyuo vya ufundi stadi na wasomaji wote watuletee maoni yao, hasa wale ambao karakana zao zimekwisha kupata maneno bora kuliko haya.