Mkitengana, Nani Atanunua Dawa?

Asubuhi moja mama wa miaka arobaini na kitu aliletwa kwangu na dadake akilalamika kuumwa na kichwa. Shinikizo lake la damu lilikuwa 190 juu ya 120. Nilipomuuliza kuhusu tembe zake alinyamaza, kisha akasema ziliisha miezi miwili nyuma, tangu baba watoto alipohama. Bima ya matibabu ilikuwa ya kazini kwa mumewe, naye alikuwa ameliondoa jina lake.

Msomaji, watu wakikosana hugombania gari na shamba, lakini dawa hakuna anayeikumbuka. Kati ya siku mnapotengana na siku korti inapotoa talaka, miezi mingi hupita, pengine miaka. Maradhi hayangoji.

Kwa hivyo kaeni mwandike nani atalipa kodi, karo na mikopo, na kwa tarehe gani. Kisha andikeni habari ya matibabu kwa urefu. Nani ana shinikizo la damu au kisukari, anameza nini, na dawa ya mwezi ni shilingi ngapi? Jina la mke au mume libaki kwenye bima hadi talaka itoke, kwa maana bima mpya mara nyingi huwa na muda wa kungoja kabla ya kulipia maradhi sugu. Hakikisheni pia watoto wameandikishwa vyema katika SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Mtoto mwenye pumu ndiye hunitia wasiwasi zaidi. Wengi wao wana dawa mbili za kuvuta: ya kuzuia, ambayo hutumiwa kila siku, na ya kutuliza anapobanwa. Pesa zikipungua, mzazi huacha ile ya kuzuia kwa kuwa mtoto aonekana mzima. Wiki chache baadaye anabanwa usiku wa manane, na gari liko kwa baba.

Kuhusu mali, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mmoja hawezi kumfukuza mwenzake kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya korti, na kazi za nyumbani na kulea watoto huhesabiwa kuwa mchango. Lakini usidhani nusu ni yako tayari. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kila mmoja athibitishe mchango wake, basi tunza risiti. Waislamu wanaweza kufuata sheria yao ya dini.

Kila mmoja awe na wakili wake. Na tafadhali usitie sahihi ukiwa hujalala siku tatu. Nimeona watu wakiachilia kila kitu ili kelele ziishe tu, na walipopata usingizi wakajuta. Ukikosa usingizi kwa wiki mbili, moyo ukienda mbio au chakula kikikushinda, mwone daktari kabla ya kumwona wakili.

Yule mama alirudi baada ya wiki tatu, shinikizo likiwa 142 juu ya 90. Tembe alinunuliwa na dadake, ambaye ana watoto wanne wa kusomesha. Mumewe amekubali kukutana naye mbele ya mzee wa kanisa. Nilimwandikia kwenye karatasi majina ya dawa zake na bei ya kila moja, aende nayo.