Radi Haitumwi na Mtu



Mvula inaporudi kila mwaka mu Oktoba ao Novemba, maneno nayo yanarudi. Radi ikipiga nyumba ao ikiua mtu, hapo hapo mtaani wanauliza: "Ni nani njo alituma ile radi?" Kisha wanatafuta muzee mmoja, mara nyingi mjane ao mtu asiye na wa kumsemea. Sisi wa kilasi ya sita tuliona ni vema kueleza mu kikaratasi chetu namna radi inavyofanyika, inafanya nini katika hewa, na tufanye nini ikikaribia.

Tuanze na mwanzo wake. Mwisho wa kiangazi, udongo wa Likasi unapata joto kali sana. Wakati ule upepo mwenye maji, unaotoka upande wa pori kubwa la Kongo na bahari ya Atlantiki, unakutana na upepo mkavu wa kusini-mashariki. Hewa ya joto ni nyepesi, basi inapanda. Ikifika juu inapoa, na maji yake yanageuka wingu. Wingu la mvula kubwa linaweza kupanda kilometa 15 ao zaidi. Kule juu ni baridi sana, maji yanakuwa barafu. Vipande vidogo vya barafu vinagongana na vile vizito, na katika kugongana vinagawana umeme: vidogo vinapanda na umeme wa chanya, vizito vinabaki chini na umeme wa hasi. Tofauti ikizidi, hewa inashindwa kuizuia, na umeme unapita kwa nguvu. Hiyo njo radi. Njia yake inapata joto la digri karibu 30.000, mara tano kupita uso wa jua. Hewa inatanuka ghafula, na sisi tunasikia ngurumo.

Sasa, je, radi ni nyingi kwetu kuliko kwingine? Ndiyo, nchi yetu ni kati ya zile zinazopata radi nyingi kabisa duniani. Satelite moja inayoitwa TRMM ilirushwa mwaka wa 1997 na kufanya kazi mpaka 2015. Ilikuwa na chombo cha kuhesabu radi, zile za mawinguni na zile zinazoshuka chini. Mwaka wa 2016 wachunguzi walichapisha hesabu ya miaka 16. Wa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela: radi 233 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Wa pili ni Kabare, karibu na Bukavu: radi 205. Kampene ya Maniema iko pia mu ile orodha ya juu. Mwaka ule ule wa 2016, Mukongomani mwenzetu Jean Kigotsi Kasereka, pamoja na Serge Soula na wenzao wa Toulouse, walichapisha uchunguzi juu ya radi za bonde lote la Kongo, toka 2005 mpaka 2013. Nao waliona radi zinapita wingi upande wa mashariki, magharibi ya ziwa Kivu. Sababu inajulikana: milima inasukuma hewa juu, na maziwa yanaongeza maji mu hewa.

Basi tufikiri kidogo. Kama radi inatumwa na wachawi, itabidi tuseme kwamba Kabare iko na wachawi kupita Afrika yote, na wale wa Maracaibo wamewashinda! Lakini milima haibadiliki, maziwa hayahami, na hesabu inaonyesha kwamba radi inafuata milima na maziwa. Haifuati chuki ya mtu.

Radi haileti kifo tu. Tulijifunza mu kemia kwamba hewa ni azoti karibu sehemu 78 juu ya 100, na oksijeni karibu 21. Azoti ni mvivu, haipendi kuungana na kitu. Lakini katika joto la radi inaungana na oksijeni kwa nguvu. Gazi inayotoka hapo inabadilika polepole kuwa asidi ya nitriki, kisha mvula inaiteremsha mu udongo. Pale inakuwa nitrati, chakula cha mihindi na majani. Wachunguzi wanakadiri kwamba radi za dunia nzima zinatengeneza hivi tani milioni 2 mpaka 8 za azoti kila mwaka. Hiyo ni mbolea isiyouzwa sokoni.

Lakini hewa inapokea pia vitu vyetu, na inavirudisha vilevile. Mawe mengi ya shaba yako na kiberiti ndani. Yakichomwa mu tanuru, kiberiti kinatoka mu shimini kama gazi, gazi inaungana na maji ya hewa, na asidi inashuka. Mfano uko karibu. Kule Lubumbashi walianza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911. Upepo wa kule unapeleka moshi zaidi upande wa kaskazini-magharibi. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wameandika juu ya mtaa wa Penga Penga, ulio upande ule: gazi ya kiberiti na vumbi la shaba vilimaliza miti, na udongo ukabaki uchi. Mtu akiona shamba lake linakauka pale, asiulize jirani yake alifanya nini. Aulize upepo unatoka wapi.

Wengine watasema: hizi ni kazi za Wazungu wenye vyombo. Mholanzi Paul Crutzen alisomea ujenzi na alianza kwa kujenga madaraja. Aliingia katika ofisi ya elimu ya hewa huko Stockholm kwa kazi ya kuandika programu za ordinatere, na hapo njo alianza kusoma mpaka udoktori. Mwaka wa 1970 alionyesha namna gazi za azoti zinavyoharibu ozoni ya juu. Mwaka wa 1979 aliandika pamoja na wenzake kwamba moto wa mapori ya tropiki unatupa gazi nyingi sana mu hewa. Mwaka wa 1995 alipata zawadi ya Nobel ya kemia pamoja na Molina na Rowland. Mapori yetu yanaungua kila kiangazi. Kazi iko hapa kwetu.

Sasa mambo ya kushika. Ukiona mwangaza, hesabu sekonde mpaka ngurumo. Sekonde tatu ni kilometa moja. Kama haufiki 30, ingia mu nyumba ya kweli, ungoje dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Usisimame chini ya muembe, usibaki mu kiwanja cha mpira, usishike waya ao bomba la maji. Mwaka wa 1998 gazeti L'Avenir la Kinshasa liliandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja kule Bena Tshadi, mu Kasai, na watu wakaanza kusema uchawi. Kama refa angesimamisha mpira, hakuna ambaye angetafuta mchawi.

Na hili ni kubwa kupita yote: aliyepigwa na radi hana umeme tena mwilini. Mguse bila woga. Kama hapumui na moyo umesimama, anza hapo hapo kumkandamiza kifua kwa nguvu na kwa haraka, mwingine akimbie kutafuta munganga. Kuna waliokufa juu ya wenzao kuogopa kuwagusa.

Sheria ya Mungu inakataza ushahidi wa uongo juu ya jirani. Kumtaja muzee kwamba alituma radi ni ushahidi wa namna ile, na mara nyingine unaleta kifo cha pili nyuma ya kile cha kwanza.

Mwisho tunaomba kitu kimoja. Kopo lenye ubavu wa kunyoka, likiwekwa mahali pa wazi na kupimwa kwa rula kila asubuhi, linatosha kujua mvula: milimeta moja ni litre moja kwa kila metre mraba. Anayependa kupima pamoja nasi mpaka Aprili aandikishe jina lake kwetu, wa kilasi ya sita, kabla ya Ijumaa. Rula alete yake.