Amri ya Nauen: redio inayosikika chini ya bahari

Oktoba 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa huku kwetu kusini. Tarehe 10 Waingereza waliteka ghala lake la chakula pale Ruponda, Nachingwea. Siku tano baadaye yakaanza mapigano ya Mahiwa, upande wa Lindi, yakaua askari wengi wa pande zote mbili. Dawa na risasi zilikuwa zikielekea kwisha, na meli za Ujerumani hazikuwa na njia. Berlin ikaamua kupitisha msaada angani.

Tarehe 21 Novemba puto kubwa la Zeppelin, L59, liliondoka Jamboli, Bulgaria, likiwa na tani 15 za mizigo na Ludwig Bockholt kwenye usukani. Lilivuka Mediterania, likapita juu ya jangwa la Misri, likaingia Sudan. Tarehe 23, likiwa magharibi ya Khartoum, likapata amri kwa redio kutoka Nauen, karibu na Berlin: rudini. Habari zilikuwa zimefika kwamba nyanda za juu za Makonde zimekwisha tekwa. L59 ilitua Jamboli tarehe 25, siku ileile Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma na kuingia Msumbiji pale Ngomano.

Neno la Berlin lilifikaje mbali hivyo? Nauen ilitumia mawimbi marefu sana, yale yanayoambaa kati ya ardhi na tabaka la juu la anga na kuzunguka dunia bila kuchoka upesi. Hata kambi za Lettow-Vorbeck ziliweza kuinasa Nauen hali ya hewa ilipokuwa nzuri. Kujibu ndiko hakukuwezekana, kwa kuwa mtambo wa Dar es Salaam ulikuwa umepotea tangu Agosti 1914. Jeshi zima lilikuwa na masikio bila mdomo.

Hivyo ndivyo nyambizi inavyoishi hadi leo.

Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo huyameza mawimbi ya redio. Wimbi la FM hufa ndani ya sentimita chache tu. Lakini wimbi la kilohezi 20 hubakiwa na theluthi moja ya nguvu yake baada ya mita mbili, theluthi ya theluthi baada ya mita nne, na kipokezi chenye masikio makali bado kinaweza kulinasa mita kumi au zaidi chini ya uso wa bahari. Nahodha hana haja ya kuibuka na kuonekana na adui. Hupandisha chombo karibu na uso, au huachia waya mrefu uelee nyuma yake, kisha husikiliza.

Gharama yake iko nchi kavu. Wimbi moja la masafa hayo lina urefu wa kilomita 15, na antena inayolifaa kweli ingehitaji mlingoti wa karibu kilomita nne. Hakuna awezaye kuujenga. Kwa hiyo huinuliwa minara mirefu na kutandazwa nyavu za waya juu yake. Kituo cha North West Cape, Australia, kina minara 13, na mrefu kuliko yote una mita 387. Ukubwa wote huo hupeleka maandishi machache ya siri, polepole, bila sauti ya mtu. Nyambizi haiwezi kubeba mtambo wa namna hiyo, basi hupokea na kunyamaza.

Teknolojia hii imetugusa kwa uchungu. Japani ilijenga kituo cha Yosami mwaka 1929, chenye minara minane ya mita 250, na jeshi lake la majini lilikitumia kupeleka amri kwa nyambizi zake. Tarehe 12 Februari 1944 mojawapo ya nyambizi hizo, I-27, iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Walikufa watu 1,297, mamia yao wakiwa wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Ni msiba ambao vitabu vyetu vya shule vingepaswa kuutaja kwa jina.

Siku hizi India inazungumza na nyambizi zake kupitia INS Kattabomman, kituo kilichofunguliwa Tamil Nadu mwaka 1990, na mojawapo ya masafa yake ni kilohezi 18.2. Masafa hayo ni ya chini kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inaweza kuyapokea kupitia tundu la maikrofoni, ikiunganishwa na waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi kwenye fremu ya mbao. Ujumbe wenyewe umefungwa kwa siri, lakini nguvu ya wimbi huonekana kwenye skrini ikipanda na kushuka jua linapochomoza, linapotua na mlipuko unapotokea kwenye uso wake.

Walimu wa fizikia wa Likunja, Ruangwa na Nachingwea, fremu hiyo ni kazi ya Jumamosi moja. Itengenezeni pamoja na wanafunzi wenu, mbali na nyaya za umeme, na rekodini mnachokiona.