Ua Lisilotoa Mbegu: Maelezo ya Kibotania ya Asumini ya Petali Nyingi

Makala haya yanaeleza umbo la asumini, kichaka cha maua meupe ambacho jina lake la kisayansi ni Jasminum sambac, kwa kuzingatia zaidi aina yake yenye petali nyingi zilizobanana. Aina hiyo imechaguliwa kwa sababu kwa kawaida haitoi mbegu. Kila kichaka chake kilichopo leo kipo kwa kuwa mtu alikata tawi akalipanda.

Asili ya asumini ni kusini mwa Asia, katika maeneo ya India na Bhutan. Hata hivyo, vitabu vingi vya Ulaya huiita yasmini ya Uarabuni, kwa kuwa Wazungu waliifahamu kupitia bustani za Waarabu. Neno sambac lenyewe linatokana na neno la Kiarabu zanbaq, ambalo zamani lilihusishwa na mafuta ya yasmini na siku hizi hutumika kwa yungiyungi. Waarabu wa leo huliita ua hili full. Linnaeus aliuweka mmea huu katika jenasi ya Nyctanthes mwaka 1753, jina lenye maana ya ua la usiku. Aiton akauhamishia Jasminum mwaka 1789. Kuhamishwa huko kulikuwa sahihi, ingawa jina la kwanza lilieleza tabia ya ua vizuri zaidi.

Mmea huu ni wa familia ya mzeituni. Hukua kuwa kichaka cha kufikia takribani mita 3, chenye matawi membamba yanayoelekea kutambaa yakipata pa kujishikiza, na matawi machanga huwa na vinyweleo. Majani ni ya kijani mwaka mzima, yenye umbo la yai, urefu wa sentimita 4 hadi 12 na kikonyo kifupi sana. Msomaji anayetaka kuutambua mmea huu bila maua na aanzie kwenye majani: jani la asumini ni sahili, yaani bapa moja tu, ilhali jani la yasmini ya manukato, Jasminum grandiflorum, ni ambatani, lenye vijani kadhaa kwenye uti mmoja. Watu wengi huzichanganya mbili hizi kwa sababu hutazama ua peke yake.

Maua hutokea kwenye ncha za matawi, machache kwa kila kishada. Sepali ni nyembamba kama nyuzi, kwa kawaida 8 au 9. Katika aina ya kawaida, petali ni 5 hadi 9, zimeungana chini kuwa neli fupi, na ndani yake mna stameni 2 tu, kama ilivyo desturi ya familia hii. Ua hufunguka jioni, hunukia usiku kucha, na kesho yake huanza kugeuka rangi ya waridi iliyofifia na kuanguka. Kwa hiyo wakulima wa Fuzhou, China, wanaotia chai harufu ya asumini, huchuma vikonyo vya maua alasiri kabla havijafunguka, wakavichanganya na majani ya chai usiku. Wanaotunga vikuba na makoja katika pwani yetu nao huijua saa hiyo bila kufundishwa na mtaalamu wa mimea. Sampuli iliyokaushwa haimsaidii sana mtafiti hapa: weupe hugeuka hudhurungi na harufu hupotea.

Katika aina ya petali nyingi, petali huongezeka mzunguko juu ya mzunguko hadi ua likafanana na waridi dogo. Majani yake mara nyingi huwa matatu kwenye fundo moja badala ya mawili yanayoelekeana. Uzuri huo una gharama, kwani stameni huwa dhaifu au hukosekana kabisa. Aidha, baadhi ya asumini zinazopandwa zina kromosomu 39 badala ya 26. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kuunda chavua na mayai, hivyo tunda, ambalo lingekuwa dogo, la mviringo na jeusi, huonekana kwa nadra.

Athari ya jambo hili inaonekana katika kisa cha Cosimo III, mtawala wa Toscana. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 17 aliletewa aina hii kutoka Goa, akaipanda Castello karibu na Florence, na akakataza vipandikizi kutolewa nje. Hadi leo inaitwa kwa cheo chake. Kwa mmea wenye mbegu, amri kama hiyo ingevunjwa na ndege mmoja tu. Kwa asumini hii, kukataza kipandikizi ni kukataza uzazi wote.

Hali hiyo haijabadilika. Hifadhi ya mbegu haiwezi kuitunza aina hii, kwa kuwa hakuna cha kuweka ghalani. Hutunzwa ikiwa hai, kwa kukata tawi lisilo changa sana wala gumu, la urefu wa sentimita 10 hadi 15, kuondoa majani ya chini, kulichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na kusubiri mizizi kwa wiki kadhaa kabla ya kulihamishia juani.