Peke yake na imbwa yake: namna mukubwa wetu asiyeona alivyochagua meli

Mwezi uliopita, saa tatu ya usiku, nilipata sauti ya WhatsApp kutoka Ubelgiji. Dakika saba nzima. Aliyekuwa anasema ni mukubwa mmoja ambaye watu wa kizazi changu tulimujua chini ya shimo. Alitufundisha kazi, alitufundisha pia kusimama mbele ya wakubwa wa kampuni bila kutetemeka.

Mukubwa huyu alipoteza macho yote mawili kazini. Baruti moja ilibaki mu jiwe bila kulipuka, timu ya usiku haikuambia timu ya asubuhi, yeye akapiga mashine palepale. Binti yake alimupeleka Ubelgiji kwa matunzo, na huko akabaki. Kisha shule moja ya kule ikamupa mbwa wa kuongoza vipofu, labrador mweusi, bila kulipa hata senti.

Katika ile sauti alisema: «Kamarade, nataka kupanda meli. Siku nane, kwenda Norvege. Mi peke yangu na imbwa yangu. Mutoto anakataa. Wewe unajuaka kusoma makontra, unisaidie kuchagua.»

Kesho yake binti naye akaniita: «Baba mudogo, umukataze. Akianguka mu maji, nani atamuona?»

Najua wengine watauliza: sisi tunatafuta unga wa mwezi, wewe unatuletea habari ya meli ya starehe? Naandika juu ya sababu mbili. Ya kwanza, kati yetu wamo waliopoteza macho, masikio na miguu mu kazi, na wengi wana watoto Ulaya na Amerika. Siku moja swali hili litafika kwao pia. Ya pili, nilipoanza kusoma zile karatasi za meli, niliona ni kazi ileile tunayofanya mu sendika kila siku.

Mbwa anayejua kukataa amri

Kwetu mbwa ni wa kulinda lupango. Mbwa wa kuongoza ni kitu kingine. Hajui njia kama watu wanavyofikiri. Mwenye kujua njia ni bwana wake: ndiye anasema kushoto, kulia, mbele. Kazi ya mbwa ni kuzunguka kizuizi, kusimama mbele ya ngazi, kutafuta mlango. Na kuna jambo moja lilinifurahisha: anafundishwa kukataa. Bwana akisema «mbele» na motokari inakuja, mbwa hatembei. Mchimbaji anayekataa kuingia mu shimo ambalo halijatiwa nguzo ataelewa mara moja.

Kazi hii ilianza kupangwa vizuri Ujerumani wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1916, mu mji wa Oldenburg, shule ya kwanza ilifunguliwa juu ya askari waliorudi vitani bila macho.

Mtu aliyetumwa kama koli

Nilimusimulia binti habari ya Morris Frank, kijana Mmarekani wa Nashville. Jicho moja lilipotea akiwa mtoto wa miaka 6, la pili akiwa na miaka 16, kwa mchezo wa ngumi. Mwishoni mwa 1927 baba yake alimusomea makala ya mama mmoja Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa anafundisha mbwa kule Uswisi. Kijana akaandika barua: anataka mbwa.

Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Ulaya. Kwa sababu hakuona na alikuwa peke yake, alikabidhiwa kwa American Express kama koli. Mutumishi wa meli alikuwa anamutoa, anamutembeza, kisha anamurudisha mu kabini na kufunga mlango. Alikuwa amelipa safari lakini alisafiri kama muzigo.

Wakati wa kurudi alikuwa na Buddy, mbwa wake jike. Sasa alitembea mwenyewe mu meli. Waliposhuka New York mwezi wa 6, waandishi wa habari wakamupima: avuke barabara moja mbaya iliyojaa magari. Akavuka na Buddy. Kisha akamutumia Mama Eustis telegramu ya neno moja: tumefaulu. Mwaka 1929 wakafungua pamoja shule ya The Seeing Eye, ambayo inafanya kazi hata leo.

Binti alinyamaza kidogo. Akasema: «Sawa, baba mudogo. Lakini tuchague vizuri.»

Bei ya mtu mmoja si nusu ya bei ya wawili

Tangazo la meli linaandika bei «kwa mtu», lakini chini, kwa herufi ndogo, linasema: watu wawili mu kabini moja. Ukiwa peke yako, kampuni inakulipisha kitanda kile kitupu. Mara nyingine unalipa karibu bei ya watu wawili. Tuseme tangazo linasema euro 800: mutu wa peke yake anaweza kuombwa 1 200, hata 1 600.

Meli zingine zina kabini za mtu mmoja. Norwegian Epic, iliyoanza safari mwaka 2010, ilitengenezwa na kabini 128 za namna hiyo. Ila kabini ndogo inaweza kumubana mtu mwenye mbwa mkubwa: mbwa anahitaji nafasi ya kulala chini bila kukanyagwa. Kwa hiyo usiulize bei tu. Uliza kabini iko na metre ngapi, na kati ya kitanda na ukuta kunabaki nafasi gani.

Na mbwa? Mbwa wa kazi halipi. Ila ni mbwa aliyefundishwa kazi kwa ulemavu wa bwana wake. Mbwa wa nyumbani, au wa kukutuliza roho tu, kampuni nyingi zinamukataa.

Drapo ya meli na sheria ya bandari

Hapa wachimbaji watacheka, maana tunaijua ngoma hii. Kampuni iko mu inchi moja, meli imeandikishwa mu inchi ingine, drapo ni ya Bahamas au Panama. Ukidai haki, kila mtu anakuonyesha mlango wa mwingine.

Marekani, wasafiri wenye ulemavu walipeleka jambo hili mpaka Korti Kuu. Mwaka 2005, mu kesi ya Spector na Norwegian Cruise Line, korti ilisema kwamba sheria ya kulinda watu wenye ulemavu inagusa pia meli zenye drapo ya kigeni zikiwa mu maji ya Marekani.

Ulaya kuna sheria nambari 1177/2010, inayotumika tangu tarehe 18 ya mwezi wa 12 mwaka 2012. Inashika hata meli ya starehe, kama safari inaanzia mu bandari ya Umoja wa Ulaya. Nilimusomea mukubwa mambo manne:

Kwanza, hawawezi kukukataa au kukuongezea bei kwa sababu ya ulemavu tu. Wanaweza kukataa kama sheria ya usalama inawalazimisha, au kama meli yenyewe haijatengenezwa kwa namna ya kukubeba salama.

Pili, mbwa wa kazi anayetambuliwa anakaa pamoja na bwana wake, mradi kampuni imejulishwa. Useme siku ileile ya kununua biye, usingoje siku ya kupanda. Na msaada wa bandarini unaombwa saa 48 mbele, kwa uchache.

Tatu, wanaweza kudai uwe na musaidizi, lakini pale tu inapokuwa lazima kabisa. Kwa meli ya kawaida ya kuvusha watu, musaidizi huyo halipi. Kwa meli ya starehe, sheria haikumupa safari ya bure. Kwa hiyo mutu wa peke yake aulize mapema: «Mutanikubali bila musaidizi?»

Nne, na hii nilimurudilia mara mbili: wakikukataa, una haki ya kuomba sababu kwa maandishi, nao wanapaswa kukujibu ndani ya siku tano za kazi.

Kidonge cha siku ya Ijumaa

Kukubaliwa na meli haitoshi. Kila bandari iko na sheria yake juu ya wanyama. Mbwa wa Ulaya anatembea na paspoti yake, microchip chini ya ngozi, na chanjo ya kichaa cha mbwa. Kama ni chanjo ya kwanza, inabidi siku 21 zipite.

Norvege inaongeza dawa ya minyoo. Lazima veterinere aitoe na kuiandika mu paspoti kati ya saa 24 na saa 120 mbele ya kuingia inchi. Watu wanakoseaka hapa: wanahesabu kutoka siku ya kuondoka, kumbe inahesabiwa kutoka siku ya kufika. Meli ya mukubwa inatoka Rotterdam Siku ya Posho jioni, inafika Bergen Siku ya Kwanza saa mbili ya asubuhi. Ukirudi nyuma, dawa inaweza kutolewa kuanzia Siku ya Tatu saa mbili ya asubuhi mpaka Siku ya Mungu saa ileile. Lakini Siku ya Mungu watakuwa katikati ya bahari, na mu meli hakuna veterinere. Basi tukachagua Ijumaa, siku moja mbele ya kuondoka.

Karatasi moja ikikosekana, mbwa hashuki. Na kwa kuwa kampuni nyingi hazikubali mbwa abaki mu kabini bila bwana wake, wewe pia unabaki, unasikiliza wenzako wakishuka.

Maswali ambayo picha za meli hazijibu

Mbwa atajisaidia wapi? Kampuni zinazojua kazi zinaweka sanduku kubwa mu nafasi iliyochaguliwa, karibu metre moja na robo kila upande, ndani majani au maganda ya miti. Uliza liko sakafu ya ngapi, na kabini iwe karibu nalo. Fundisha mbwa nyumbani kutumia sanduku kama hilo, maana mbwa aliyezoea majani ya bustani anaweza kujizuia siku nzima.

Chakula chake unakibeba mwenyewe. Watumishi wa meli hawana kazi ya kumulisha wala kumutembeza.

Uliza bandari gani meli haifiki ukingoni, watu wanashushwa kwa mashua ndogo. Uliza kengele ya hatari ikilia, nani atakuja kwenye mlango wako, na mbwa atapanda mashua ya kuokoa kwa namna gani. Omba kupanda mapema, mbele ya watu wengi, ili utembee na mbwa kutoka kabini mpaka chakula, mpaka sanduku, mpaka mashua ya kuokoa, mara mbili au tatu, wakati njia iko tupu.

Alivyochagua

Mukubwa alikuwa na meli mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa bei chini sana. Mama wa ajansi alimuambia kwa simu: «Hakuna shida, papa, mbwa karibu.» Nikasema: tuandike. Tukatuma maswali kumi. Wiki mbili kimya, kisha mustari mmoja: mbwa atapokelewa «kulingana na hali». Wachimbaji, munajua neno hilo. Ni ndugu ya «kampuni itaangalia».

Ya pili ilikuwa bei juu kwa euro mia tatu na kitu. Ilijibu maswali yote kumi mu siku nne: nambari ya kabini, sakafu ya sanduku, jina la mwenye kazi ya kumupokea, na kwamba hawadai musaidizi.

Mukubwa alifikiri usiku mmoja. Asubuhi akaniita: «Hizi mia tatu nalipa. Siku ile ya baruti, mutu alisema kwa mudomo kwamba kila kitu kiko sawa. Sasa nataka karatasi.»

Anaondoka mwezi wa 6. Binti ndiye alipiga simu kwa veterinere kushika ile Ijumaa. Sanduku la majani liko tayari kwenye balkoni yao. Siku tatu za kwanza mbwa alilinusa tu na kurudi ndani. Siku ya ine, mukubwa alinitumia sauti fupi sana, anacheka: «Kamarade, amekubali.»